Deni la Mhusika: Historia Fupi ya Mabishano ya Watazamaji wa Sinema Kuhusu Uigizaji Bora na Uigizaji Mbaya

Utangulizi

Watazamaji wawili watokapo katika jumba la sinema, neno la kwanza litokalo vinywani mwao mara nyingi ni hukumu. Mmoja husema kwamba fulani amecheza vyema. Mwenziwe humjibu kwamba fulani huyo hajui kucheza, na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu picha nzima. Kila mmoja ana mwigizaji ampendaye, na kila mmoja ana mwigizaji asiyetaka hata kumwona. Wahenga walisema apendaye, chongo huita kengeza. Na kwa sababu hiyo wengi wetu tuliozoea kuhakiki riwaya na tamthilia tumeyachukulia mabishano haya kuwa ni porojo za barazani zisizostahili nafasi katika taaluma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Mabishano ya mashabiki wa sinema ni uhakiki wenye historia yake, na historia hiyo ina funzo kwa yeyote ashughulikaye na sanaa za maonyesho. Hoja yetu ni hii. Katika kila hukumu juu ya uigizaji kuna mambo matatu yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni mwigizaji, yaani mtu mwenye jina, mwili na sauti yake. La pili ni mhusika, yaani kiumbe wa hadithi. La tatu ni dhima, yaani kazi aliyokabidhiwa mwigizaji na wenye filamu: maneno ayasemayo, mahali asimamapo, na aina ya watu anaoruhusiwa kuwaigiza. Tukichunguza hukumu mashuhuri ambazo baadaye zilitenguliwa, tutaona kwamba nyingi ni zile ambazo mmoja katika hawa watatu alilipishwa deni la mwenziwe.

Mifano yetu mikuu imetoka Marekani. Hatukuichagua nchi hiyo kwa kuwa watazamaji wake ni hodari zaidi wa kubishana, bali kwa sababu mabishano yao yalianza kuchapishwa mapema, nayo yamehifadhiwa.

Waigizaji wasio na majina

Sinema ilipoanza kuwa biashara kubwa nchini Marekani, mtazamaji hakuwa na jina la kubishania. Kampuni ya Biograph ya mjini New York, ambayo mwongozaji wake mashuhuri alikuwa D. W. Griffith, haikuwa na desturi ya kuyatangaza majina ya waigizaji wake. Sababu inayotajwa mara nyingi ni hofu kwamba mwigizaji akijulikana atadai mshahara mkubwa. Hata hivyo watazamaji walizitambua sura. Walimwona mwanamke yule yule katika picha hii na ile, wakampenda, wakawa wanauliza ni nani. Kwa kukosa jina wakamwita Msichana wa Biograph. Huyo alikuwa Florence Lawrence.

Mwaka 1909 Lawrence aliiacha Biograph, akajiunga na kampuni ya IMP iliyokuwa mali ya Carl Laemmle. Mwezi Machi 1910 Laemmle alichapisha tangazo la kukanusha uvumi kwamba Lawrence alikuwa amekufa kwa kugongwa na tramu. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba uvumi huo uliwashwa na Laemmle mwenyewe, ili apate la kukanusha. Mwezi uo huo Lawrence alipelekwa mjini St. Louis kuonekana hadharani, na watu wakafurika kumtazama.

Kisa hiki hutajwa kuwa ndio mwanzo wa umashuhuri wa waigizaji wa filamu. Kwetu sisi kina maana nyingine pia. Asiye na jina hawezi kusifiwa wala kulaumiwa. Kabla ya jina kutangazwa, mtazamaji aliweza tu kusema kwamba picha ni nzuri au ni mbaya. Baada ya jina kutangazwa, aliweza kumtenga mtu mmoja ndani ya picha na kumhukumu peke yake. Basi jina ndilo lililozaa mjadala. Lakini jina hilo lilitolewa na mfanyabiashara kwa ajili ya kuuza tikiti, na tangu siku hiyo hukumu ya mtazamaji na hesabu ya muuzaji zimekwenda bega kwa bega. Lawrence mwenyewe hakufaidi sana. Katika miaka ya 1930 alikuwa akipewa sehemu ndogo ndogo tu katika filamu za wengine, na alijiua Desemba 1938, akiwa amesahauliwa na wengi.

Matofali na mashada ya maua

Mwaka 1911 yalianzishwa majarida mawili yaliyowapa mashabiki mahali pa kukutania: Motion Picture Story Magazine, na Photoplay lililoanzia Chicago. Hapo mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kuzisimulia upya hadithi za filamu. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba wasomaji walitaka zaidi habari za waigizaji, nao walitaka kusema na si kusoma tu. Photoplay likawa na safu ya barua iliyoitwa Brickbats and Bouquets, yaani vipande vya matofali na mashada ya maua. Jina lenyewe lajieleza: ampendaye alimtupia maua, na asiyempenda alimtupia tofali. Barua moja ilimtetea mwigizaji, na ya pili ikamshambulia. Aidha, kuanzia mwaka 1920 jarida hilo lilitoa nishani kwa filamu iliyochaguliwa na wasomaji wake kuwa bora ya mwaka, na tukumbuke kwamba tuzo za Oscar zilikuwa hazijazaliwa. Tuzo hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929.

Kura hizi na barua hizi zatuonyesha pia udhaifu wa kwanza wa hukumu ya shabiki, nao ni kumfunga mwigizaji ndani ya mhusika. Mfano ulio wazi ni Mary Pickford, aliyezaliwa mwaka 1892. Pickford alipata sifa kubwa kwa kuigiza wasichana wadogo wenye nywele ndefu za mawimbi. Mwaka 1925 aliwauliza wasomaji wa Photoplay wangependa kumwona akiigiza wahusika wa namna gani. Yeye alikuwa na umri wa miaka 33. Majibu yaliyomjia yalijaa wahusika watoto wa vitabu vya watoto. Mwaka 1928 alizikata nywele zile, na habari ikasambaa kana kwamba ni msiba wa taifa. Mwaka 1929 akaigiza mwanamke mtu mzima katika Coquette, filamu yake ya kwanza yenye sauti. Alipata tuzo ya Oscar, lakini mapenzi ya zamani ya watazamaji hayakumrudia, na mwaka 1933 akaigiza filamu yake ya mwisho.

Hapa mwigizaji alilipishwa deni la mhusika. Mtoto wa hadithi alikuwa hakui, na watazamaji wakamdai mwanamke aliye hai kwamba naye asikue.

Sauti, tikiti, na orodha ya mwaka 1938

Sauti ilipoingia katika sinema baada ya filamu ya The Jazz Singer mwaka 1927, mabishano yalipata jambo jipya. Mwigizaji sasa alikuwa na sauti, na sauti ikapimwa pamoja na sura. Aliyeumia kuliko wote, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, ni John Gilbert, mpenzi mkuu wa sinema za kimya. Katika filamu ya His Glorious Night ya mwaka 1929 alikaririshwa maneno ya mahaba tena na tena, na wapo watazamaji waliocheka ukumbini. Ikavuma kwamba sauti yake ni nyembamba na haimfai mwanamume. Filamu zake zilizofuata zipo, na ye yote azisikilizaye atatambua kwamba sauti ile ni ya kawaida kabisa. Kilichochekesha ni maneno aliyoandikiwa. Maneno ya mapenzi ambayo katika sinema ya kimya mtazamaji alijitungia mwenyewe moyoni, sasa yalisemwa kwa sauti, tena yalikuwa maneno duni. Watazamaji walisikia kosa kweli. Walichokosea ni mahali pa kulipeleka. Gilbert alikufa Januari 1936, hali kosa lile lingali likisomwa kwa jina lake.

Miaka miwili baadaye hukumu ya namna hii ilichapishwa hadharani. Mwezi Mei 1938 Harry Brandt, kiongozi wa chama cha wenye majumba ya sinema yasiyomilikiwa na makampuni makubwa, alilipia tangazo lililowataja waigizaji waliodaiwa kuwa ni sumu katika mauzo ya tikiti. Miongoni mwao walikuwamo Greta Garbo, Marlene Dietrich, Joan Crawford, Mae West na Katharine Hepburn. Neno hilo la sumu lilienea upesi, na mashabiki wakapata ushahidi wa kutupiana: wapinzani wa Hepburn waliokuwa wakimwona mkavu na mwenye majivuno sasa waliweza kusema kwamba hata hesabu za fedha zinawaunga mkono.

Tuitazame kesi ya Hepburn kwa makini. Mwezi Februari mwaka huo ilikuwa imetoka filamu ya kuchekesha iitwayo Bringing Up Baby, iliyoongozwa na Howard Hawks, ambamo Hepburn aliigiza pamoja na Cary Grant. Haikurudisha gharama zake. Hepburn akajinunua kutoka katika mkataba wake na kampuni ya RKO, akarudi jukwaani. Mwaka 1939 aliigiza mjini New York katika tamthilia ya The Philadelphia Story, ambayo Philip Barry aliitunga akimfikiria yeye. Haki za kuitengeneza filamu zikawa mkononi mwake, kwa hiyo kampuni ya MGM ilipoitaka hadithi ilibidi imchukue na yeye. Filamu ilitoka mwishoni mwa mwaka 1940, ikapendwa mno. Katika maisha yake Hepburn alipata tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia. Na ile Bringing Up Baby iliyokataliwa, mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya taifa la Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Basi kosa lilikuwa la nani? Wenye majumba ya sinema walikuwa na malalamiko ya haki. Makampuni makubwa yaliwalazimisha kukodi filamu kwa mafungu, nzuri na mbaya pamoja, na waigizaji wenye majina makubwa ndio waliokuwa chambo. Mwezi Julai 1938 serikali ya Marekani iliyashtaki makampuni hayo, na Mei 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliukataza utaratibu huo. Kwa maneno mengine, mgogoro ulikuwa wa kibiashara baina ya muuzaji na mnunuzi, lakini uliandikwa kama hukumu juu ya uigizaji wa watu waliotajwa kwa majina. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husema wafanyabiashara. Historia ya Bringing Up Baby yatuonya kwamba chema nacho huweza kukosa mnunuzi kwa miaka mingi.

Mwaka 1951: kuiga na kuvaa

Mabishano tuliyoyataja mpaka hapa yalihusu nani acheza vyema. Mwaka 1951 yalizuka mabishano yenye kina zaidi, kwani yaliuliza kucheza vyema ni kufanya nini.

Mwaka huo Marlon Brando alitokea katika A Streetcar Named Desire, filamu iliyotokana na tamthilia ya Tennessee Williams na kuongozwa na Elia Kazan. Brando alikuwa mwanafunzi wa Stella Adler, na alihusishwa pia na Actors Studio, jumuiya iliyoanzishwa New York mwaka 1947. Mafunzo yao yalitokana na fikira za Mrusi Konstantin Stanislavski, yakimtaka mwigizaji asitosheke na kuonyesha hisia kwa ishara zilizozoeleka, bali aitafute hisia yenyewe. Brando alitafuna maneno, alijikuna, alikula huku akisema. Waliompenda walisema hawajapata kuona mtu wa kweli namna ile katika sinema. Wasiompenda walisema hasikiki asemalo, na kwamba kunong'ona si sanaa.

Katika tuzo za Oscar zilizotolewa Machi 1952, waigizaji watatu wa filamu hiyo walishinda: Vivien Leigh, Kim Hunter na Karl Malden. Brando hakushinda. Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ilimwendea Humphrey Bogart kwa filamu ya The African Queen. Mpaka leo wapenzi wa sinema hubishana juu ya uamuzi huo. Wapo wasemao kwamba Bogart alituzwa kwa jumla ya kazi zake za miaka mingi, na wapo wasemao kwamba yule nahodha mlevi mwenye masharubu ya siku tatu ni kazi yake bora kupita zote.

Filamu hiyo ya Bogart yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki moja kwa moja. Hadithi yake imewekwa mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani, ambalo sehemu yake kubwa ni Tanzania ya leo, na sehemu yake nyingine ilipigwa picha Uganda na Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mwanzoni mwake tunaona kanisa la wamishenari limejaa Waafrika wakiimba, huku mmishenari na dada yake wakijitahidi kuwaongoza. Waafrika wale hawakutajwa kwa majina katika orodha ya waigizaji. Katika mabishano yote ya Bogart na Brando, hakuna aliyeuliza kama wao walicheza vyema au vibaya. Hali yao mwaka 1951 ilikuwa ile ya Florence Lawrence kabla ya mwaka 1910: sura zilionekana, majina hayakuwapo, na kwa hiyo hata lawama hawakuistahili machoni pa watu.

Hukumu ya watazamaji Weusi

Mahali ambapo mambo yetu matatu yaligongana kwa uchungu mkubwa zaidi ni katika mabishano ya Waamerika Weusi juu ya waigizaji wao. Tarehe 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa kumwigiza mtumishi katika Gone with the Wind. Alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata tuzo hiyo. Usiku ule alikalishwa katika meza ya kando, mbali na waigizaji wenziwe Weupe. Miezi miwili kabla yake, filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta Desemba 1939, yeye hakuhudhuria, kwani sheria za ubaguzi za huko zisingemruhusu kuketi pamoja nao.

Watazamaji Weusi waligawanyika. Wengine walimwonea fahari, kwa kuwa alikuwa ameshinda mahali ambapo mlango ulikuwa umefungwa. Wengine waliikataa filamu yenyewe, iliyoupamba utumwa ukaonekana kama maisha ya amani, na katika miji kadhaa iliandamaniwa. Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuyataka makampuni yaache kuwapa Weusi kazi za watumishi na wachekeshaji tu. McDaniel na baadhi ya wenziwe walimjibu kwamba wao wanaishi kwa kazi hiyo, na kwamba hawakuwahi kupewa nafasi ya kuchagua nyingine.

Mwanafunzi wa uhakiki ataona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki, kwa sababu hazikuwa zikihukumu jambo moja. Waliomsifu walimtazama mwigizaji: namna alivyomfanya mtumishi yule awe na akili na hadhi kuliko mabwana zake. Waliomlaumu walitazama dhima. Balaa ni kwamba lawama ya dhima haikuwa na anwani nyingine ya kwenda ila kwake, kwani jina lililokuwa wazi mbele ya watu ni lake, si la mwandishi wa mswada wala la mwenye kampuni. McDaniel alikufa Oktoba 1952. Makaburi aliyokuwa ameomba kuzikwa yalimkataa kwa sababu ya rangi yake. Ilipita miaka zaidi ya 50 tangu tuzo yake kabla ya mwanamke Mweusi mwingine, Whoopi Goldberg, kuipata tuzo hiyo mwaka 1991.

Zamu ya Sidney Poitier ilikuwa ya kinyume. Mwaka 1964 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa Lilies of the Field, na mwaka 1967 filamu zake tatu zilivuma kwa pamoja. Mwezi Septemba mwaka huo Clifford Mason, mwandishi wa tamthilia, alichapisha makala katika New York Times akiuliza kwa nini Wamarekani Weupe wanampenda mno Poitier. Hoja yake ilikuwa kwamba wahusika wa Poitier ni wema kupita kiasi, hawana jamaa wala tamaa, na kazi yao ni kutatua matatizo ya Weupe. McDaniel alilaumiwa kwa kuigiza mtumishi. Poitier alilaumiwa kwa kuigiza malaika. Katika hali zote mbili aliyeandika mswada alikuwa mtu mwingine.

Poitier naye ana sehemu katika historia yetu. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya Something of Value, iliyoongozwa na Richard Brooks na ambayo sehemu yake ilipigwa picha Kenya wakati wa hali ya hatari. Humo Poitier ni Kimani, kijana anayejiunga na Mau Mau, na Rock Hudson ni rafiki yake Mzungu waliyekua pamoja. Mtazamaji wa Kenya atakayeitazama leo anaweza kukiri kwamba Poitier amempa Kimani uchungu na heshima isiyosahaulika, na papo hapo akaikataa picha ya Mau Mau inayochorwa na filamu hiyo. Kauli hizo mbili hazipingani. Asiyezitenganisha atajikuta ama anaitukuza filamu kwa sababu ya Poitier, ama anamtupa Poitier kwa sababu ya filamu.

Tuzo ya ubaya na kutenguliwa kwake

Mwezi Machi 1981, nyumbani kwake Los Angeles, John J. B. Wilson alianzisha mzaha wa kutoa tuzo kwa filamu na waigizaji wabaya kuliko wote wa mwaka. Mzaha huo ulikua ukawa desturi ya kila mwaka iitwayo Golden Raspberry. Yale matofali ya Photoplay sasa yalipata sherehe yake.

Miongoni mwa waliopendekezwa mwaka ule wa kwanza alikuwamo Shelley Duvall kwa kazi yake katika The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980. Walioilaumu kazi hiyo walisema kwamba mke yule analia mno, anatetemeka mno, na hana nguvu. Ajabu ni kwamba miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1977, Duvall alikuwa ametuzwa katika tamasha la Cannes kwa uigizaji wake katika 3 Women. Baada ya muda habari za namna filamu ile ilivyotengenezwa zikaenea: onyesho moja lilirudiwa mara nyingi mno, naye Duvall alitakiwa kulia siku hata siku kwa miezi mingi. Bintiye Kubrick mwenyewe alipiga picha za kazi ile ikiendelea, na humo twamwona mwongozaji akimsemea Duvall kwa ukali. Watazamaji wa kizazi kilichofuata walipoitazama tena filamu hiyo, wengi waliona ndani yake mwanamke anayeishi na mume mkatili, akijitahidi kumwokoa mtoto wake. Na hofu ile iliyoitwa udhaifu wakaiona kuwa ndiyo nguzo ya filamu. Tarehe 31 Machi 2022 waandaaji wa tuzo hiyo walitangaza kulifuta jina la Duvall katika orodha yao ya mwaka 1981. Alikufa Julai 2024.

Hukumu hii ilichukua miaka 41 kutenguliwa, na iliyoitengua si hoja ya mwanachuoni mmoja. Ni ubishi wa mashabiki waliokataa kukubali, wakaitazama filamu upya na kuulizana. Hapo pana jibu kwa wale wasemao kwamba mabishano haya hayazai kitu.

Hitimisho: yatupasayo sisi wa Kiswahili

Hatusemi kwamba hakuna uigizaji mbaya. Upo, na mtazamaji ana haki ya kuusema. Tusemalo ni kwamba kabla ya kumtupia mtu tofali yafaa kuuliza maswali matatu: Je, ninachokichukia ni mhusika? Je, ni maneno na kazi aliyopewa? Au kweli ni kazi ya mwigizaji mwenyewe?

Kiswahili kina vifaa vya kuuliza maswali haya. Kitenzi cha zamani ni kucheza, nacho huufananisha uigizaji na ngoma na mchezo. Kuigiza, kilichotokana na kuiga, huushika upande wa kufananisha. Na siku hizi watazamaji wetu husema kwamba mwigizaji ameuvaa uhusika. Usemi huu hubeba ile fikira iliyowagawa watazamaji wa Brando, kwani avaaye vazi huonekana kwa vazi hilo, na bado mwili ni wake. Kwa upande mwingine tunalo neno stelingi, lililotoka katika Kiingereza likazoeleka mitaani, ambalo humtaja mwigizaji mkuu na mhusika mkuu kwa pamoja bila kuwatenganisha. Vijana husema stelingi hafi, na katika kauli hiyo fupi huwezi kujua ni nani asiyekufa, mtu au kiumbe wa hadithi. Lugha yetu basi ina neno la kutenganisha na neno la kuchanganya, na mashabiki hutumia yote mawili kwa ustadi ambao sisi hatujauchunguza vya kutosha.

Tofauti kubwa kati yetu na wale wa Photoplay haimo katika akili ya mabishano. Imo katika kuhifadhiwa kwake. Watazamaji wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi wamebishana juu ya filamu za Kihindi, za Kimarekani na za Hong Kong kwa miaka mingi, lakini mengi waliyosema yalitoweka pamoja na pumzi zao. Wazee walioyajaza majumba ya sinema ya miji hiyo bado wamo miongoni mwetu, ingawa idadi yao inapungua, na majumba mengi yamefungwa au yamegeuzwa kuwa maduka na makanisa. Ingelifaa idara zetu ziwatume wanafunzi wakawahoji wazee hao: walimpenda nani, walimchukia nani, na kwa maneno gani. Asiyekuwapo na lake halipo, nasi tusiporekodi, historia ya uhakiki wa filamu kwa Kiswahili itaandikwa kana kwamba ilianza na vitabu, hali ilianza mlangoni pa jumba la sinema, watu wakitoka.